Tarehe ya Meza ya Vita na Vigae Vyake

Aghalabu mtu atazamapo kwa mara ya kwanza mchezo wa vita uchezwao kwa sanamu ndogo juu ya meza, macho yake huvutwa na askari, farasi na mizinga, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye rangi na maumbo ya kupendeza. Lakini aliyeuzoea mchezo huu hujua kuwa kinachoamua kheri na shari ya majeshi yale ni ardhi yanayosimama juu yake, yaani kilima kinachowaficha, mto unaowazuia na njia inayowaharakisha. Kwa sababu hiyo tarehe ya mchezo huu, ukiitafiti vyema, ni tarehe ya watu waliohangaika kuiweka ardhi juu ya meza. Na katika mahangaiko yao yote sioni lililo bora kuliko wazo la kuigawa ardhi hiyo vigae vigae, ili leo iwe bonde na kesho iwe nchi nyingine kabisa.

Katika mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu wa hesabu katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, alitoa kitabu cha mchezo alioujenga juu ya msingi wa sataranji. Aliizidisha miraba ya ubao hata ikafika 1,617, akaitia rangi za kuonyesha hali ya nchi: nyekundu kwa milima, buluu kwa maji, kijani kwa vinamasi. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ila ardhi ya Hellwig ilikuwa ardhi ya alama tu. Mito yake ilipinda kwa kufuata pembe za miraba, na milima yake haikuwa na mwinuko hata wa ukucha.

Aliyeipa meza mwinuko ni Georg Leopold von Reisswitz, ofisa wa kiraia wa serikali ya Prusia, maskani yake Breslau, mji ambao leo umo katika Polandi na huitwa Wrocław. Yeye alianza kwa mchanga, akiufinyanga milima na mabonde ndani ya sanduku la mbao. Katika mwaka 1811 habari za mchezo wake ziliwafikia wana wa mfalme, miongoni mwao Wilhelm, aliyekuwa angali kijana na ambaye miaka 60 baadaye alitawazwa Kaisari wa Ujerumani. Nao waliupenda mno hata baba yao, Mfalme Friedrich Wilhelm III, akataka kuuona kwa macho yake. Reisswitz aliona si adabu kumpelekea mfalme sanduku la mchanga, akaomba muhula, na katika mwaka 1812 akaleta katika jumba la mfalme kitu ambacho hakijapata kuonekana mfano wake: meza ya mbao yenye ukubwa wa takriban futi 6 kila upande, pamoja na droo zilizojaa vigae vya mraba vya jasi, ambavyo juu yake vilifinyangwa na kupakwa rangi njia, vijiji, mito, misitu na vinamasi. Mchezaji aliweza kuvipanga vigae hivyo apendavyo, akapata nchi mpya kila anapokaa kucheza.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana aghalabu wasimulizi hupita upesi. Heshima ya kuuanzisha mchezo wa vita wa kisasa hupewa mwanawe, Luteni Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, ambaye katika mwaka 1824 alichapisha kanuni zake mwenyewe, akaiacha meza ya baba yake na kutumia ramani zenye kipimo cha 1:8000, vipande vya risasi vyekundu na vya buluu, dadu, na mwamuzi wa kuhukumu kati ya pande mbili, kila zamu ikiwa badala ya dakika 2 za vita vya kweli. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, alipouona aliusifu mbele ya jeshi zima, na baada ya Prusia kuishinda Ufaransa katika vita vya 1870 na 1871 majeshi mengine yaliuiga. Luteni mwenyewe hakuyaona hayo. Alijiua katika mwaka 1827. Sina nia ya kumpunguzia sifa marehemu huyu, kwani ramani ilikuwa rahisi kuchapisha, nyepesi kubeba, na ilionyesha mahali pa kweli. Lakini kwa kuichagua ramani mwinuko uliondoka mezani, na ile hekima ya vigae ikalala kwa zaidi ya karne moja.

Waliofuata waliteremka sakafuni. Robert Louis Stevenson, alipokuwa akijiuguza Davos, Uswisi, alicheza na mwana wa mkewe, Lloyd Osbourne, juu ya sakafu ya darini iliyochorwa kwa chaki za rangi milima, miji na mito. H. G. Wells, katika kitabu chake *Little Wars* cha mwaka 1913, alijenga nchi kwa matofali ya mbao ya watoto, mbao bapa na vijiti vya miti. Walioshika mchezo baada ya Vita Kuu ya Pili, kama Donald Featherstone wa Southampton aliyetoa kitabu chake *War Games* katika mwaka 1962, waliurudisha juu ya meza, wengine wakirudia hata mchanga. Mchanga ni mtiifu kwa mkono, lakini ni adui wa miguu ya meza: sinia yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.5, ikijazwa kina cha sentimita 5 tu, hupita kilo 250.

Kilichowaokoa hakikutengenezwa kwa ajili yao. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Dow ya Marekani ilianza kutengeneza povu gumu la plastiki, ambalo kwanza lilitumika katika maboya, kisha katika kuta za nyumba za nchi za baridi ili kuzuia joto lisitoke. Wachezaji waliligundua dukani kwa wauza vifaa vya ujenzi: jepesi, la bei nafuu, lenye kukatika kwa kisu au kwa waya uliotiwa moto wa umeme. Basi vigae vikafufuka, sasa vikiwa na upana wa sentimita 60 kila upande, au futi 2 kwa wenye kupima kwa futi, na katika mwaka 2009 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham ikauza ubao wa vigae 6 vya plastiki vyenye kipimo hichohicho.

Siri ya kazi hii imo katika kingo. Kigae hupendeza kwa kilima kilicho katikati yake, lakini hufaa kwa ukingo wake tu, kama shupatu za mkeka zisivyoshonwa pamoja mpaka kingo zilingane. Fundi hukata kwanza kipande cha karatasi ngumu chenye umbo la mto unavyotoka, kina chake na upana wake, akakiweka sentimita 30 kutoka pembeni, yaani katikati hasa ya ukingo, akachora. Kisha hufanya vivyo hivyo kwa kila kigae ambacho mto utapita, bila kukadiria kwa jicho hata mara moja. Ndipo hukata, akapiga msasa, akapaka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na rangi ili kulikinga povu, kwa maana rangi ya kupuliza ikiligusa povu tupu hulila likawa mashimo matupu. Baada ya hapo humwaga mchanga mwembamba, hupaka rangi kutoka nyeusi kwenda nyeupe, na maji ya mto huyamimina kwa vanishi, tabaka nyembamba baada ya tabaka. Wengine hufukia sumaku kingoni ili vigae vishikane.

Thawabu ya subira hiyo yaweza kuhesabiwa. Vigae 6 vya sura mbalimbali, vikipangwa viwili kwa vitatu na kila kimoja kikigeuzwa pande zake 4, hutoa mipango 2,949,120. Na ukitoa nusu, kwa kuwa meza ikizungukwa upande wa pili mipango hujirudia, hubaki zaidi ya milioni moja na laki nne. Hakuna ramani wala sinia ya mchanga iwezayo kutoa hayo.

Kwa hiyo nawanasihi wanaotaka kujenga ubao wa namna hii wasianze na kilima wala kijiji. Waandike kwanza upana wa kigae, unene wake, na mahali mto na njia zitakapotokea, kisha wampe kila mshirika nakala ya vipimo hivyo kabla kisu hakijagusa povu; hapo hata waliojenga kila mmoja nyumbani kwake wataweza kuviunganisha vigae vyao siku watakapokutana.