Kabla ya kukamulia ndimu doa la kaunta

Nyumba za mawe zinaongezeka Masalani, na ndani yake sasa utakuta jiko lenye sinki na kaunta ya terazo, vigae au graniti. Doa likiingia, ushauri wa kwanza wa jirani ni ndimu. Ramadhani iliyopita nilifuturu kwa jamaa zangu huko, na mwenye nyumba akanionyesha mahali alipokamulia ndimu doa la chai. Chai ilitoka. Lakini palibaki duara jeupe lisilong'aa, linalokwaruza ukipitisha kidole, na kila akilisugua ndipo linapozidi.

Sababu yake ni hii. Terazo ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa kwa saruji kisha vikasuguliwa. Marumaru ni jamii moja na chokaa na yale matumbawe waliyojengea wazee wetu Lamu, na asidi ya ndimu, siki au ukwaju hula chokaa. Kwa hiyo lile duara si doa. Ni ngozi ya jiwe iliyoliwa, wala hakuna sabuni ya kuirudisha. Panataka fundi mwenye mashine ya kusugulia, na ukiwa Ijara huenda ukamwagiza kutoka Garissa mjini au Mombasa, ungoje na barabara ikauke ikiwa ni msimu wa mvua.

Basi ijue kaunta yako kwanza. Usiamini jina la dukani, maana wako wauzaji wanaoita vigae marumaru. Dondosha tone moja la ndimu pembeni, pale pasipoonekana, nyuma ya jiko la gesi kwa mfano. Likitoa vipovu, hiyo ni terazo au marumaru: futa upesi, suuza, na tangu siku hiyo ndimu na siki zisiguse hapo. Lisipotoa, yaelekea ni kigae au graniti.

Mafuta na samli huzama kwenye vitundu vidogo vya jiwe, pakabaki weusi. Kusugua juu hakusaidii, yanataka kufyonzwa. Changanya magadi soda, ile ya kuwekea keki, na maji kidogo mpaka iwe uji mzito. Paka juu ya doa, funika kwa karatasi ya nailoni, uache usiku kucha. Asubuhi funua, ngoja ukauke kabisa, kisha ondoa kwa kitambaa. Doa la zamani litataka urudie mara 2 au 3.

Manjano yana vituko vyake. Ukiyapaka magadi soda au sabuni kali hugeuka mekundu, na wengi hushtuka hapo wakidhani wameiharibu kaunta. Ni rangi tu inayobadilika, suuza itulie. Kisha nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye duka la dawa, lowesha kitambaa cheupe, ulaze juu ya doa dakika 15, ufute. Hiyo hiyo hufaa kwa chai, kahawa na hata hina iliyodondoka mkesha wa harusi. Kama jiwe ni la rangi nzito ijaribu pembeni kwanza, isije ikapausha. Na kaunta ikiwa dirishani, jua lenyewe hufifisha manjano baada ya siku kadhaa.

Wanaotumia maji ya kisima ya chumvi watauona ukoko mweupe kuzunguka bomba. Kwenye vigae, siki iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa kwa dakika chache huulainisha, kisha usuuze. Kwenye terazo njia ni kukausha maji kila yanapodondoka. Waya wa kusugulia sufuria uache kwenye sufuria: hukwaruza, na vipande vyake vikibaki huleta kutu.

La hatari zaidi ni dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Peke yake, iliyozimuliwa, husafisha mistari ya katikati ya vigae. Lakini usiichanganye kamwe na siki, ndimu, dawa ya choo wala hiyo peroksaidi. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma macho na kubana kifua, na jiko likiwa na dirisha moja dogo, gesi haina pa kutokea. Ukisikia harufu kali, toka nje na watoto wote, uache mlango wazi. Wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda, nyumba ikiwa na mtoto au haina.

Mwisho, muulize fundi kama kaunta ilipakwa dawa ya kuziba vitundu. Kama hakumbuki, mwagia maji matone machache, ungoje dakika 10. Jiwe likiyanywa na kuacha alama nyeusi, wakati wa kupaka upya umefika, na upake kabla ya sherehe ijayo.