Sokomutu wa Lindi

Tumesikia wengine wakisema SIDA ilizaliwa hapa Kisangani. Tulitazame neno hilo.

Toka mwaka 1956 mpaka 1958, katika kambi ya Lindi karibu na mji, wanganga walitumia sokomutu kwa kupima chanjo ya polio ya Hilary Koprowski, mzaliwa wa Warsaw. Katika 1999 Edward Hooper aliandika kwamba chanjo ile, iliyotengenezwa kwa mafigo ya sokomutu, ndiyo iliyoleta SIDA. Koprowski alikana. William Hamilton, mwenye elimu wa Uingereza, hakupenda kubishana tu: alikuja kuokota mavi ya sokomutu mwituni (wengine watacheka!), akashikwa na malaria, akafa Machi 2000. Mwenzake Michael Worobey aliendelea. Katika 2004 ikajulikana: kirusi cha sokomutu wa kwetu si mzazi wa kile cha SIDA. Shina lake lilionekana Kameruni, mwaka 2006.