Historia fupi ya ubishi juu ya filozofia ya Wabantu

Mwaka wa 1945, katika mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kilitoka kitabu kidogo cha Kifransa chenye jina La philosophie bantoue. Mwandishi wake alikuwa Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka wa 1933 na kukaa miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga. Kitabu hakikuwa kinene, lakini ubishi kilioamsha haujaisha hata leo. Wengi katika seminari zetu wanajua jina lake. Wachache wanajua njia ambayo ubishi huo umepita, nani alisema nini, na kwa sababu gani. Tunataka kuieleza njia hiyo kwa utaratibu, maana ndani yake mna swali linalotuhusu sote, tufundishao na tufundishwao: mawazo ya watu wetu, ni nani mwenye haki ya kuyasema, na ni nani mwenye kazi ya kuyapima?

1. Padri Tempels na nguvu ya uzima

Wakati ule wazungu wengi walidhani kwamba mtu mweusi hana mawazo yaliyopangwa. Ana desturi tu na hofu ya mizimu. Tempels alikataa. Watu wanaooa, wanaozika, wanaoganga na kuhukumu kwa mfuatano ule ule siku zote, shurti wawe na mafundisho ya ndani yanayoongoza matendo yao, hata kama hawakuyaandika. Mafundisho hayo aliona kwamba yamekusanyika katika wazo moja: nguvu. Mzungu hutazama kwanza kitu kilivyo, halafu huuliza kina nguvu gani. Mbantu, kwa maelezo ya Tempels, hatengi mambo hayo mawili: kwake kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Toka Mungu, kwa mababu wa kwanza, kwa marehemu, kwa walio hai, mpaka kwa nyama, miti na mawe, kila kimoja kina nguvu yake na cheo chake, na nguvu hizo huweza kukuzana au kupunguzana. Kutoka metafizika hiyo, etika inafuata mara moja: jema ni lile linalokuza uzima, baya ni lile linaloupunguza.

Yafaa kumshukuru mtu huyo, maana kusema hivyo kulidai moyo. Mwadhama Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga, hakukipenda kitabu. Mwaka wa 1946 Tempels alikwenda Ulaya, naye hakurudi Kongo mpaka 1949. Katika mwaka huo huo nyumba ya vitabu ya Présence Africaine, iliyoanzishwa Paris na Alioune Diop wa Senegal, ilikipiga chapa upya, na Waafrika wengi wenye elimu wakakisoma kwa furaha.

Lakini tusifiche upande wa pili. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wazungu wa ukoloni wenye nia njema. Mbantu yumo ndani yake akisemwa, hasemi. Tempels mwenyewe alifikiri kwamba Wabantu hawangeweza kuyapanga mawazo yao kwa maneno ya shule, na kwamba kazi hiyo ni ya mgeni. Mwaka wa 1950 Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alimjibu kwa ukali: ni rahisi kuwasifu watu kwa metafizika yao, kama sifa hiyo inasaidia kuwanyima mshahara wa haki na nyumba nzuri.

Hata hivyo, maisha ya Tempels hayakusimama hapo. Kuanzia mwaka wa 1953, katika kambi za wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi, aliishi na watu wale, bibi na bwana pamoja, na katika mikutano yao ikazaliwa Jamaa. Huko hakuna aliyefundisha kwa Kifransa juu ya nguvu. Walisema kwa Kiswahili chao maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Twaweza kusema kwamba katika kitabu Tempels alisema juu ya Wabantu, na katika Jamaa alijifunza kusema nao. Alirudi Ulaya kabisa mwaka wa 1962, akafariki mwaka wa 1977.

2. Padri Kagame na sarufi

Mbantu wa kwanza kuichukua kazi hiyo kwa mkono wake alikuwa Padri Alexis Kagame wa Rwanda. Katika Universite ya Gregoriana huko Roma aliandika kitabu kikubwa juu ya filozofia ya kuwa kati ya Wanyarwanda, kilichopigwa chapa Bruxelles mwaka wa 1956. Kagame hakuanza na desturi wala na hadithi za wazee. Alianza na lugha, maana lugha haiwezi kumdanganya mchunguzi kama mtu anavyoweza. Katika Kinyarwanda alipata mafungu manne, yote yenye shina moja la -ntu: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kiumbe kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Vyote vilivyopo, alisema, vimo katika mafungu hayo manne, kama vile Aristoteli alivyoweka mafungu yake kumi kwa lugha ya Kiyunani.

Kazi hiyo ni ya akili sana, na kila mkatekista aweza kuijaribu kwa Kiswahili. Mtu, kitu: shina ni lile lile. Lakini mahali? Neno hilo limetoka Kiarabu, wala shina letu halimo. Tena, kwa Kagame nyama wamo katika fungu la ikintu pamoja na mawe, na sarufi ya Kinyarwanda haiwapatanishi na watu. Kiswahili chasema: mbwa amekufa, mtu amekufa, nyama hupata heshima ya mtu. Basi, kama sarufi ndiyo metafizika, yule mama wa Goma anayesema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni, je, anabadili metafizika yake kila anapovuka kizingiti? Hakuna atakayekubali. Lugha hutupa alama za njia. Haitembei mahali petu.

Walakini alama hizo si bure. Kagame alionyesha kwamba katika lugha zetu neno la kuwa halipendi kusimama peke yake. Lataka liambiwe ni nini au ni wapi. Descartes alitafuta hakika ya kwanza, akaiona katika kufikiri kwake: kwa kuwa anafikiri, hakika yupo. Mwambie mzee wa kijijini kwamba kwa sababu unafikiri, basi uko. Atauliza: uko wapi? Mzee huyo si mjinga. Kwake, kuwa ni kuwa mahali, pamoja na wengine. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka wa 2022, aliona jambo hilo hilo katika lugha ya Waakan, akatoa shauri ambalo tungependa kila mseminari alishike: swali la filozofia ulilolisoma kwa lugha ya kigeni, lirudishe katika lugha ya mama yako. Likibaki na maana, ni swali la watu wote. Likipoteza maana, chunguza: labda lilikuwa swali la lugha ile tu. Tunapofundisha watoto kwamba Mungu yuko mahali pote, kisha tukasema kwamba hana mahali, shauri hilo linatugusa hasa.

3. Ubishi unafika Lovanium

Katika mwaka huo huo wa 1956 mapadri wa Afrika na Haiti walitoa Paris kitabu kiitwacho Des prêtres noirs s'interrogent. Kagame aliandika humo, na pia Padri Vincent Mulago wa Bukavu, aliyekuwa amechunguza umoja wa uzima kati ya Bashi, Wanyarwanda na Warundi. Siku ya 29 Januari 1960, katika Universite ya Lovanium, Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa mwanafunzi bado na baadaye akawa askofu wa Mbujimayi, alibishana mbele ya watu na mkubwa wa Fakulte ya Teolojia, Padri Alfred Vanneste. Tshibangu alishika kwamba namna ya Kiafrika ya kufikiri yaweza kuzaa teolojia yenye sura yake. Vanneste alijibu kwamba elimu ya kweli ni ya watu wote, na kwamba Mwafrika asijifungie pembeni wakati dunia nzima inazungumza.

Mwaka wa 1965 Franz Crahay, mwalimu wa Lovanium, aliuliza swali lile lile upande wa filozofia. Kuwa na namna ya kuitazama dunia, alisema, si sawa na kuwa na filozofia. Filozofia huanza pale mtu anapojitenga kidogo na mawazo ya ukoo wake, akayaweka mbele yake, akayapima kwa sababu. Mwaka wa 1968 Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alimpima Tempels bila huruma. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin, aliyepata kufundisha katika universite za inchi yetu, alimaliza ukali wote: kabila zima haliwezi kuwa na filozofia moja ambayo kila mtu anaikubali bila kujua. Filozofia ya Afrika, kwake, ni maandiko ya Waafrika ambayo wenyewe wanayaita filozofia, wakibishana ndani yake kwa majina yao. Na Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alionyesha mwaka wa 1988 katika kitabu chake The Invention of Africa jinsi elimu ya wageni, ya wamisionari pia, ilivyotunga sura ya Afrika ambayo Waafrika wenyewe wakaikubali kuwa yao.

Wengine waliudhika. Walisema Hountondji amewanyang'anya wazee hekima yao. Sisi twaona sivyo. Aliyesema kwamba wazee wote walifikiri kitu kimoja, ndiye aliyewanyang'anya, maana aliwanyima haki ya kupingana. Ni nani kati yetu asiyejua mzee mmoja kijijini aliyecheka wakati wengine wote walipoogopa?

4. Jambo la maisha na mauti

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mabishano ya walimu. Basi tutazame mfano mmoja. Kama nguvu ya mmoja yaweza kupunguza nguvu ya mwingine, basi ugonjwa na kifo cha mtoto vina mwenye kuvisababisha, na watu watamtafuta. Katika Kivu ya Kusini wazee wanawake wameuawa kwa kushitakiwa uchawi. Kinshasa watoto wamefukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Yule anayesema tu, "hii ndiyo filozofia ya Wabantu", ameeleza jambo. Hajasema kama ni kweli. Na mbele ya bibi mzee aliyezungukwa na vijana wenye mawe, swali la kweli ndilo pekee lenye faida. Hapo ndipo tunaona kwa nini Crahay na Hountondji walishikilia kupima. Mawazo yasiyopimwa huweza kuua.

Lakini apime nani, na kwa njia gani? Juu ya hilo Padri Bénézet Bujo, mzaliwa wa Drodro katika Ituri, aliyefundisha teolojia ya maadili miaka mingi huko Fribourg katika Uswisi na kufariki mwaka wa 2023, ametuachia kazi ya maana. Alisema kwamba etika ya Afrika haikuanza na mtu mmoja anayefikiri peke yake chumbani. Ilianza barazani, pale watu wanapoketi, wanaposikiliza, wanapokumbuka maneno ya marehemu na kuwafikiria watoto watakaozaliwa. Mtu huwa mtu kwa kuhusiana na wengine. Sheria nzuri haitoki juu tu wala haitoki kwa wingi wa sauti. Huzaliwa katika maneno yaliyotafunwa pamoja mpaka uzima wa wote umelindwa.

Twakubali, lakini tunaongeza neno moja. Baraza nalo laweza kukosea. Baraza lililomhukumu yule bibi lilikuwa baraza. Kwa hiyo shurti tuulize: je, naye alipewa nafasi ya kusema? Je, kulikuwa na mtu mmoja aliyeweza kusimama kinyume cha wote bila kuogopa? Kama hakuwako, lile halikuwa baraza, ulikuwa umati. Ndivyo mafundisho ya Bujo na ukali wa Hountondji yanavyohitajiana: mmoja atukumbusha kwamba hatufikiri peke yetu, mwingine kwamba hakuna atakayefikiri mahali petu.

5. Lililo letu

Toka 1945 swali limegeuka. Kwanza waliuliza: je, Wabantu wana filozofia? Halafu: iko wapi, katika desturi, katika lugha au katika vitabu? Leo swali ni hili: ni nani kati yetu anayeifanya, na inawasaidia watu gani?

Ndugu waseminari, msomapo metafizika kwa Kifransa, jaribuni kila somo kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu, mkaone linasimama au linaanguka. Ninyi wakatekista, mnaokaa karibu na wazee kuliko sisi, andikeni wanayosema. Wala msiandike tu yale wanayokubaliana, andikeni pia wanapobishana, na jina la kila mmoja. Na sisi mapadri, siku umati utakapokusanyika mlangoni pa mjane, tusiende kutafuta katika vitabu kama kuna filozofia ya Wabantu. Twende tuketi kati yao na kuuliza sababu, moja moja, mpaka baraza lirudi kuwa baraza.