Kwa nini mtu aliyetolewa hai kwenye kifusi anaweza kufariki baadaye?

Tetemeko likiangusha majengo, si kila aliyeokolewa amepona. Msuli uliobanwa na kifusi kwa saa kadhaa huanza kufa. Mzigo ukiondolewa tu, potasiamu na uchafu mwingine wa msuli huo huingia kwenye damu: moyo unaweza kusimama ghafla, na figo zikagoma.

Ndiyo maana waokoaji wakimfikia mtu humtundikia dripu akiwa bado amenasa chini.

Baada ya tetemeko la Marmara, Uturuki, la Agosti 17, 1999, watu 639 walipata tatizo hili la figo. 477 kati yao walisafishwa damu kwa mashine. Hapo msaada wa haraka si mahema na blanketi pekee, bali pia mashine hizo, umeme na maji safi ya kuziendesha.