Duka, Plau na Deni katika Mji wa Eldoret

Wazee wa uwanda wa Uasin Gishu waliuita mji wa Eldoret kwa jina la Sisibo, na mpaka leo wako wauitao hivyo. Neno hilo si la Kinandi wala la Kimasai. Ni hesabu ya Kiingereza, yaani sitini na nne, iliyopita katika vinywa vya watu mpaka ikawa jina. Serikali ilipoupima uwanda ule na kuukata vipande vya kuwagawia Wazungu, kipande cha 64 kilionekana kuwa na udongo hafifu usiofaa kulimwa. Ndipo pakawekwa posta mwaka 1910, na maduka yakafuata posta. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, nalo limetoka katika neno la Kimasai la mto wenye mawe, ndio mto Sosiani, likaongezwa herufi ya mwisho kwa namna ya Kinandi. Basi wachungaji wa kwanza, jirani zao na mpima ardhi, wote watatu wameacha alama katika majina ya mahali pamoja.

Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wamekwisha kutawanyika kwa vita vya wao kwa wao kabla ya Wazungu kuja. Wanandi waliolisha ng'ombe kandokando ya uwanda walipigwa vita na Serikali mwaka 1905, na Koitalel arap Samoei, mkuu wao, akauawa tarehe 19 Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo wageni walipofika waliandika kwamba nchi ni tupu. Twataka msomaji alikumbuke jambo hili katika yote yafuatayo, maana plau haikuja kulima nchi isiyokuwa na mwenyewe.

Mwaka 1908 Makaburu wapatao 250, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa kutoka kusini ya Afrika, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru. Kutoka pale hapakuwa na reli wala barabara. Wakafunga maksai katika magari yao makubwa wakaupanda mlima kwa tope na msitu, na mwezi wa Oktoba wakatokea uwandani. Kwa miaka kumi na sita, hata reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, kila kitu kilichouzwa katika mji ule, tangu msumari hata kinu cha kusagia, kilibebwa kwa njia hiyo ya maksai. Wako wasimuliao kwamba kasha la chuma la benki ya kwanza lilipoangushwa garini mwaka 1912 halikuweza kuinuliwa tena, basi benki ikajengwa kulizunguka. Hatuwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini mtu aliyewahi kuona tope la Timboroa wakati wa masika hataicheka hadithi hiyo.

Nyasi za uwanda zilikuwa na mizizi iliyosukana kama mkeka. Jembe la mkono liliweza kulima bustani, si shamba la maelfu ya eka. Plau nzito ya kuvunja ardhi mpya ilitaka maksai kumi na wawili au kumi na sita, wawili wawili katika nira, na mnyororo mmoja uliopita katikati. Mtoto akawatangulia mbele, mtu wa mjeledi akaenda kando, na mwingine akashika mikono ya plau. Tulipokuwa shuleni tulisoma habari za Elisha aliyekuwa akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, tukadhani ni kutia chumvi. Mzee mmoja aliyekuwa mtu wa mjeledi katika ujana wake alituambia kwamba hapana ajabu yo yote, isipokuwa kwamba Elisha hakupangiwa mshahara na mtu mwingine.

Na hapa tuseme kidogo juu ya lugha. Pwani ya kale haikujua kulima kwa wanyama, kwa hiyo haikuwa na neno. Wafasiri wa Biblia walipofika mahali pa Isaya penye habari za panga kufuliwa, walitia neno jembe, wala hawakukosa, kwa kuwa msomaji wao alilijua jembe. Bara watu hawakungoja wafasiri. Waliichukua plau na jina lake pamoja. Vivyo hivyo trekta na spana, ambayo ni maneno ya Kiingereza. Lakini mlangoni mwa duka mambo yageuka, kwani neno duka lenyewe ni la Bara Hindi, na gari vilevile, na gunia, na debe, na karakana. Hata bepari, ambalo kwao ni mfanya biashara tu, kabla hatujalitia ubaya. Mizani na ratili ni za Kiarabu. Parafujo iliachwa na Wareno, nayo ikangoja karne nyingi hata ikapata mashine ya kuishikilia. Mtu aliyeingia dukani Eldoret akataka parafujo ya plau alikuwa ametaja mataifa mawili kabla hajaonyesha senti yake.

Maduka yalikuwa ya namna mbili. Wahindi waliifuata reli tangu mwanzo wake; Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka tangu pwani mpaka Uganda, na wadogo walioanza chini yake au kwa kumwiga walijiendea mbali kuliko reli. Katika duka la Mhindi palikuwa na amerikani, blanketi, chumvi, sukari, mafuta ya taa katika debe, majembe na minyororo. Debe likiisha mafuta likawa kipimo cha mahindi, na ugomvi juu ya debe la kufurika na debe la kusawazishwa haujaisha hata sasa. Jirani yake alikuwa fundi Kalasinga, aliyenyosha ulimi wa plau uliopindika kwa jiwe. Namna ya pili ni nyumba kubwa za mashine, zilizokuwa mawakala wa viwanda vya ng'ambo: Ransomes wa Ipswich, ambao walikuwa wakifua plau tangu karne ya kumi na nane, Massey-Harris wa Kanada, na wengine. Huko mnunuzi alikaribishwa kiti, kama alikuwa Mzungu. Mwafrika aliyetumwa kufuata spea alisimama nje na karatasi ya bwana wake mkononi.

Wengi hudhani kwamba mkulima Mzungu alinunua plau kwa fedha. La, alinunua kwa deni, na mavuno yasiyovunwa bado yalikuwa rehani. Deni hilo lilimchoma vikali mwaka 1920. Rupia, iliyokuwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza, iliwekwa kuwa shilingi mbili kamili. Basi aliyekuwa amekopa rupia 1500, ambazo zilikuwa paundi 100, akajikuta anadaiwa paundi 150 bila kuongeza hata parafujo moja. Walipiga kelele nyingi. Walakini walisikiwa: mwaka 1931, wakati bei ya mahindi ilipokuwa imeanguka duniani kote, Serikali iliwaanzishia Benki ya Ardhi ya kuwakopesha. Na hata hivyo wengi waliziacha trekta zao wakairudia nira, kwa kuwa mafuta yataka fedha na maksai hula majani.

Mwafrika je? Yeye hakuwa na hati ya shamba ya kuweka rehani, na tena ilikuwako sheria iliyofanya deni lake kwa mwenye duka lisiweze kudaiwa mahakamani pasipo idhini ya Serikali. Ilisemekana kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda asinyonywe. Pengine walioitunga waliamini hivyo. Matokeo yake ni kwamba aliyetaka plau hana budi auze ng'ombe, na aliyeuza ng'ombe alipungukiwa na maksai wa kuikokota. Mfungo huo walioweza kuufungua ni wale waliochangiana, ndugu wawili au watatu, mmoja akatoa plau, mwingine maksai. Kwa njia hiyo Wanandi waliofanya kazi katika mashamba ya Wazungu waliuchukua ujuzi wa plau wakaupeleka makwao.

Lakini ng'ombe wa maskwota walitazamwa kwa jicho baya. Upande wa Naivasha na Nakuru katika miaka ya 1920 waliondolewa kwa wingi, na watu wakaliita jambo hilo kifagio, neno moja lenye uchungu kuliko ripoti nzima. Sheria ya mwaka 1937 ikazipa halmashauri za Wazungu wilayani amri ya kupunguza mifugo ya maskwota. Anyang'anywaye maksai amenyang'anywa plau, ijapokuwa chuma kingali kimelala nyuma ya nyumba yake.

Baada ya vita kuu ya pili zilikuja trekta nyepesi za Ferguson, zilizoundwa Coventry tangu mwaka 1946, ambazo hubeba plau kwa vipingo vitatu na kuiinua kwa nguvu za mafuta badala ya kuikokota. Maksai wakaanza kutoweka katika mashamba makubwa, na mtoto wa kutangulia pamoja nao. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, Wazungu wengi waliuza na kuondoka, na vyombo vyao vikatolewa mnadani. Vyama vya wanunuzi wa Kiafrika vilipata trekta zilizochoka, ambazo vitabu vyake vya maelezo vilikuwa vya Kiingereza na spea zake za ng'ambo. Watu hulaumu vyama hivyo kwa kuziacha zikaoza. Sisi tungeuliza kwanza nani aliwafundisha kuzifungua, maana katika miaka yote ile Mwafrika aliruhusiwa kuiendesha mashine, ila karakanani alishika taa tu.

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kisahani cha haro, kimetundikwa mtini kwa kipande cha mnyororo wa maksai. Mwenyekiti wa chama kilichonunua shamba lile ndiye aliyekileta, na jina la kiwanda, lililofutika nusu, tulilisoma kila asubuhi tulipokuwa tukipanga mstari.