Ukwe na Utawala katika Rumi ya Kale

Katika Kiswahili neno "mkwe" lafaa pande zote mbili: baba wa mke ni mkwe, na mume wa binti ni mkwe vilevile. Warumi walitenga, wa kwanza alikuwa socer, wa pili gener. Mshairi Catullus aliyatumia maneno hayo kuwadhihaki Julius Caesar na Pompeius, na sababu yaonekana: Caesar, aliye socer, alikuwa mdogo kwa mkwewe kwa miaka sita.

Ukwe huo ulifungwa mwaka 59 kabla ya Kristo. Pompeius alitaka askari wake wapewe mashamba, na mapatano aliyoyafanya Mashariki yathibitishwe, lakini Baraza la Wazee lilimkatalia. Caesar, aliyekuwa konsuli mwaka huo, alimpatia yote mawili. Naye akapata majimbo na majeshi kwa miaka mitano. Julia, binti yake wa pekee, alikuwa amekwisha kuposwa na mtu mwingine. Posa ile ikavunjwa.

Ajabu ni kwamba wawili hao walipendana kweli, hata watu wakamcheka Pompeius kwa kukaa mno na mkewe. Mwaka 55 palitokea ghasia katika uchaguzi, na nguo yake iliyotapakaa damu ikapelekwa nyumbani. Julia, mwenye mimba, alipoiona alizimia, na mimba ikaharibika. Mwaka uliofuata alikufa katika kuzaa, na mtoto hakuishi ila siku chache. Mumewe alitaka kumzika shambani kwake Alba. Watu wa mjini wakauchukua mwili kwa nguvu, wakauzika katika Uwanja wa Mars.

Caesar akatoa binti mwingine, Octavia, mjukuu wa dada yake, ingawa alikuwa na mume tayari. Kwa wakuu wale talaka haikuwa kizuizi. Pompeius akakataa, mwaka 52 akamwoa Cornelia, binti wa Metellus Scipio, kisha akamfanya mkwe huyo mpya konsuli mwenzake. Wako wasemao kwamba kifo cha Julia ndicho kilicholeta vita vya mwaka 49. Mimi naona hiyo ni kumtwika marehemu mzigo usio wake: Crassus, mshirika wao wa tatu, aliuawa vitani mwaka 53, na Baraza lilikuwa likimwogopa Caesar siku nyingi.

Pompeius alishindwa Pharsalus mwaka 48, akakimbilia Misri. Aliuawa alipokuwa akishuka pwani, na Cornelia akitazama kutoka merikebuni.