Saa Tano na Dakika Kumi: Nani Alitunga Mtihani wa Ubongo?

Chora duara. Ndani yake andika namba zote za saa. Sasa weka mishale ioneshe saa tano na dakika kumi.

Kama umefika kidato cha nne na nyumbani kwenu kulikuwa na saa ya ukutani, hilo ni jambo la nusu dakika. Mshale mfupi kwenye 11, mrefu kwenye 2, umemaliza. Hukujiuliza hata kidogo kwa nini nimekutajia tano nawe ukaenda kwenye 11.

Sasa mfikirie bibi wa miaka 75 wa Mpale, wilayani Korogwe. Ni bibi wa kufikirika, ila kila mmoja wetu ana wa kwake. Kisambaa ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni na cha zahanati. Shule hakwenda. Saa anaijua kwa jua, kwa adhana na kwa taarifa ya habari ya redioni. Kalamu anaishika mara chache mno, na hata hapo wengine humwambia aweke dole gumba yaishe. Mjukuu wake amempeleka hospitali kwa sababu siku hizi anarudia swali lile lile mara nne kabla ya chai kupoa. Kijana aliyevaa koti jeupe anamwamkia shikamoo, anampa karatasi na penseli, anamwambia achore saa. Anashindwa. Je, tumepima nini hapo?

Kuchora saa ni sehemu ya kipimo kiitwacho MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Montreal, Kanada. Kina alama 30 na kinatumika dunia nzima kutafuta dalili za demensia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwa Kiingereza mgonjwa anaambiwa "kumi baada ya kumi na moja", na mtego wake ni ile "kumi": ubongo ulioanza kuchoka unavutwa na neno lililosikika, unapeleka mshale kwenye 10 badala ya 2. Kwa Kiswahili mtego huo haupo, unakuja mwingine. Neno linalosikika ni "tano", na mshale unapaswa kwenda 11. Mzungumzaji wa Kiingereza anasikia namba anayoiona kwenye saa, sisi tunasikia namba ambayo lazima kwanza tuizungushe kwa saa sita. Kwa hiyo hata tafsiri ikiwa sahihi kabisa, mtihani umeshageuka kuwa mwingine. (Ikiwa mbovu ndiyo balaa zaidi. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "saa kumi na moja na dakika kumi", na mgonjwa mwenye akili timamu ataonesha jioni, akoseshwe.)

Watunzi wa MoCA hawakusahau kabisa suala la shule. Walielekeza kwamba aliyesoma miaka 12 au pungufu aongezewe alama moja. Piga hesabu ya kwetu: miaka saba ya msingi na minne ya sekondari ni 11. Kwa hiyo mhitimu wa kidato cha nne anapata alama moja ya nyongeza, na bibi ambaye hakukanyaga darasani anapata ile ile moja. Yaani shule yote, kuanzia kushika penseli hadi mtihani wa taifa, haina thamani yoyote katika hesabu hiyo.

Nakiri kuna sehemu moja ambayo kwa mara ya kwanza mtihani unatupendelea. Unamtaka mtu ataje wanyama watatu waliochorwa: simba, kifaru na ngamia. Kifaru wapo Mkomazi, jirani tu na huko Korogwe. Ila mchoro wa mistari mieusi kwenye karatasi si kifaru, na kuusoma mchoro nako ni kitu cha kujifunza.

Lugha ina mitego midogo zaidi ambayo watu hawaioni. Chukua zoezi la kurudia tarakimu, la kupima kumbukumbu ya muda mfupi. Tarakimu za Kiingereza nyingi zina silabi moja. Zetu, kuanzia moja hadi tisa, hakuna yenye silabi chini ya mbili. Tafiti za miaka ya 1980 zilizolinganisha lugha mbalimbali zilionesha kwamba tarakimu zikichukua muda mrefu kutamkwa, mtu anakumbuka chache zaidi, bila kasoro yoyote kichwani. Au swali la "sasa ni majira gani?", lililo kwenye kipimo cha zamani zaidi, MMSE cha mwaka 1975. Lilitungwa kwa watu wenye majira manne. Korogwe kuna masika na vuli, na katikati yake watu wanategemea wingu.

Kosa hapa linaumiza pande mbili. Bibi mzima akibandikwa ugonjwa, familia inaanza kumwondolea maamuzi ya shamba na ya pesa zake. Bibi mgonjwa akiambiwa "ni uzee tu", ugonjwa unaendelea, na majirani wanatafuta maelezo yao wenyewe, mengine ya hatari kwa mwanamke mzee mwenye tabia zilizobadilika ghafla. Kuna watu wanasema basi tuachane na vipimo hivi vya kigeni. Mimi siko huko. Lakini naelewa wanakotoka, maana historia ya kupima akili Afrika Mashariki ilianza vibaya mno.

Turudi Nairobi ya miaka ya 1930. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ilikuwa chini ya daktari mmoja, H. L. Gordon, aliyeshikilia kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa nao, na aliyepima vichwa na kutoa majaribio ya akili ili kulithibitisha hilo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia R. A. C. Oliver alichapisha jaribio la akili lililotungwa mahususi kwa Waafrika. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wakaunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Mwaka uliofuata F. W. Vint alichapisha makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya, akidai kwamba ulikuwa mwepesi na tabaka lake la nje jembamba kuliko wa Mzungu. Mjadala haukuwa wa maabara tu. Ulihusu kama kuna haja ya kuwasomesha watu hawa, na kwa kiasi gani.

Aliyeshika Mathari kuanzia 1938 hadi 1950 alikuwa J. C. Carothers. Huyu ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu aliigusa nyurosaikolojia yenyewe. Mwaka 1951 aliandika makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Wakati huo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kutibu magonjwa ya akili, na waliopasuliwa hivyo walikuwa wakikosa mipango ya mbele, wakiishi kwa sasa hivi. Carothers akasema Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo. Hakusema ni damu peke yake, alitaja malezi, lishe na magonjwa pia. Lakini angalia hoja ilivyojengwa: kipimo cha mpango, umakini na uwajibikaji ni maisha ya Mzungu mwenye shule na mshahara, na yeyote asiyeishi hivyo amepungukiwa na kitu kichwani. Na wengi wa Waafrika aliowachunguza walifika kwake kama wagonjwa wa Mathari, chini ya serikali ya kikoloni! Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimchapishia kijitabu kingine, cha kueleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia. Ardhi iliyochukuliwa ikawa suala la nafsi iliyovurugika. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alimjibu vikali mwaka 1961.

Ukisoma hayo ni rahisi kucheka na kusema yamepita. Mazoea yenyewe, ya kumpima mtu kwa kawaida za mwingine kisha kuita tofauti hiyo upungufu, yalikuwa magumu zaidi kufa. Waliosaidia kuyavunja walifanya jambo la kushangaza kwa urahisi wake: waliwauliza watu wenyewe akili ni nini.

Uganda, mapema miaka ya 1970, Mallory Wober aliwauliza Baganda kuhusu neno obugezi, ambalo tungelitafsiri kuwa akili au busara. Wanakijiji walilihusisha na taratibu, utulivu, kufikiri kabla ya kusema. Waliosoma zaidi walielekea kulihusisha na wepesi. Sasa weka saa ya kuhesabu sekunde mezani. Mzee anayejibu polepole kwa sababu ndivyo mtu mwenye akili anavyojibu anakatwa alama. Na sisi Waswahili tunaosema haraka haraka haina baraka tunaelewa kabisa anachofanya.

Zambia, Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda, na yeyote aliyewahi kutengeneza gari la waya utotoni anajua kwa nini. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Matokeo hayo ya 1979 ningeyabandika kwenye ukuta wa kila chumba cha uchunguzi: uwezo ule ule, watoto wale wale, ukibadilisha chombo unabadilisha mshindi.

Kwetu Tanzania, karibu na Bagamoyo, timu ya Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakiwemo watafiti Watanzania, iliwapa watoto wa miaka 11 hadi 13 majaribio ya kufikiri, ikawafundisha kwa dakika chache tu mbinu za kuyatatua, kisha ikawapima tena. Alama zilipanda, na aliyeongoza mwanzo hakuwa lazima aongoze mwisho. Utafiti ulichapishwa mwaka 2002. Kumbe jaribio la kwanza lilikuwa likipima pia nani amezoea majaribio.

Tuseme ukweli, malaria ni rahisi kuliko hili. Kituo cha NIMR cha Korogwe kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S, na kimelea kinahesabiwa kwa darubini namna moja, iwe Korogwe au Geneva. Ila ukitaka kujua malaria iliyopanda kichwani imemwachia mtoto madhara gani ya kumbukumbu, darubini haikusaidii. Kule Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, Penny Holding na wenzake walilazimika kubadilisha majaribio kwa ajili ya watoto wa huko, na kuwalinganisha waliougua na wenzao wa rika lile lile kutoka jamii ile ile. Swali halikuwa tena "mtoto huyu yuko chini ya mtoto wa Marekani kiasi gani?" Lilikuwa "ugonjwa umemwondolea nini?"

Kwa wazee, kazi ninayoipenda ilifanyika Hai, Kilimanjaro. Timu ya Watanzania na Waingereza ilipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita, ikawaona watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya kurekebisha kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia, kiwango kisicho mbali na kile cha nchi tajiri. Kwa hiyo "sisi kwetu huo ugonjwa hakuna" si kweli. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye alama 15, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Daraja ni nini? Leo siku gani? Kiongozi wa kijiji ni nani? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kumbuka orodha ya maneno kumi. Na badala ya penseli, njiti za kiberiti: mpimaji anapanga umbo, mzee anaiga. Wazo la njiti lilitoka Ibadan, Nigeria, kwa watafiti waliokutana na tatizo hili hili. Kiberiti kila jiko linacho.

Ibadan walitumia pia kipimo ambacho mizizi yake ni kwa Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, na ambacho nusu yake hakimuulizi mgonjwa kabisa. Kinamuuliza ndugu. Je, bado anakumbuka alipoweka vitu? Anapotea njia anayoijua? Kupika kwake kumebadilika? Hapa bibi analinganishwa na yeye mwenyewe wa miaka mitano iliyopita, na sijaona kipimo cha haki kuliko hicho.

Si kwamba kila kitu kimetatuliwa. Hai wana hospitali karibu na wamesoma kwa muda mrefu kuliko wilaya nyingi, na alama ya kukatia iliyopatikana pale haiwi sahihi Handeni kwa sababu tu wote ni Watanzania. Kiswahili nacho si maji yasiyo na ladha. Kumwomba mama wa Kizigua ataje wanyama kwa Kiswahili ndani ya dakika moja ni kumpima na tafsiri pia, na mpimaji mwenye busara humwacha achanganye lugha. Halafu kuna adabu. Katika maisha ya kawaida hatumuulizi mtu mzima jambo ambalo jibu lake tunalo. Hiyo ni tabia ya mwalimu kwa mwanafunzi. Kijana akimuuliza bibi "leo siku gani?", bibi anaweza kumtazama na kujibu, "Kwani wewe mjukuu wangu hujui?" Kwenye fomu hakuna kisanduku cha jibu hilo, na lisiposikilizwa vizuri linaandikwa sifuri.

Kwa hiyo tukimrudia bibi yetu wa Mpale: penseli ikae pembeni, mjukuu aulizwe yale maswali manne ya kabla ya chai yalianza lini, na kiberiti kitolewe jikoni. Akipanga njiti zake sawasawa huku akitusimulia kwa Kisambaa nani alishinda uchaguzi wa kijiji, tumejua kitu. Akishindwa na hapo, basi tumejua kitu kingine, na kijana wa koti jeupe ana kazi ya kufanya leo leo.